Ngomeni na Mbingu za Eksirei

Ghuba ya Ungwana iko kaskazini mwa Malindi, kuanzia rasi ya Ngomeni hadi karibu na mlango wa Mto Tana. Wenyeji huijua kwa samaki na kamba wake, na nyuma ya ufuo kuna mashamba makubwa ya chumvi. Historia ya sayansi inaijua kwa jambo jingine. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, na nne kati ya hizo, yaani Uhuru, SAS-2, Ariel 5 na SAS-3, zilikuwa na kazi ya kuchunguza mbingu kwa eksirei na kwa mionzi ya gama. Matokeo yake yalibadili maelezo ya wanasayansi kuhusu jinsi ulimwengu ulivyo. Mashimo meusi yalitoka kwenye hesabu za karatasini yakawa vitu vya kupimwa, na ikajulikana kwamba katika makundi makubwa ya galaksi sehemu kubwa ya maada ya kawaida haimo ndani ya nyota, bali imetanda kati ya galaksi kama gesi yenye joto kali mno.

Vitabu vingi vinavyosimulia habari hii hutaja Kenya kwa mstari mmoja, kana kwamba mahali penyewe palipatikana kwa bahati nasibu. Sivyo ilivyokuwa. Ikweta na bahari iliyo wazi upande wa mashariki vilikuwa sehemu ya utafiti wenyewe, na vipimo vilevile vikichukuliwa kutoka kwingine vingekuwa na dosari nyingi zaidi.

Hadi katikati ya karne ya 20, karibu yote yaliyojulikana kuhusu ulimwengu yalitokana na nuru inayoonekana kwa macho. Ni kwa nuru hiyo Edwin Hubble alionyesha mwaka 1929 kwamba galaksi zinazidi kutengana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mawimbi ya redio yaliongeza mengi. Eksirei hazikutiliwa maanani. Jua hutoa eksirei, na roketi za Marekani zilithibitisha hilo mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini kiasi chake ni kama sehemu moja katika milioni ya nuru yake yote. Kama nyota nyingine zingekuwa na tabia hiyo hiyo, eksirei zake zingefika hapa zikiwa hafifu kiasi kwamba hakuna kifaa cha wakati huo ambacho kingezihisi. Tena angahewa ya Dunia huzimeza eksirei zote zinazotoka angani kabla hazijagusa ardhi. Kwa viumbe hai hiyo ni kinga, lakini kwa mtafiti maana yake ni kwamba lazima kifaa chake kipande juu sana, zaidi ya kilomita 80, ndipo kianze kuona chochote.

Aliyeamua kujaribu hata hivyo alikuwa Bruno Rossi, mwanafizikia Mwitaliano aliyekuwa akifundisha katika chuo cha MIT huko Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba maumbile huwa na mambo ambayo nadharia haijayafikiria, na mlango ambao haujawahi kufunguliwa haufai kuachwa kwa sababu tu hesabu zinasema chumba ni kitupu. Kazi aliikabidhi kampuni ndogo ya American Science and Engineering, ambamo kikundi cha utafiti kiliongozwa na Riccardo Giacconi, kijana aliyezaliwa Genoa mwaka 1931. Usiku wa tarehe 18 Juni 1962 roketi yao ilirushwa kutoka White Sands, New Mexico, ikafika kimo cha kilomita 225, na kwa muda usiotimia dakika sita vifaa vyake vikapekua anga. Lengo lililotangazwa lilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka kwenye Mwezi. Kutoka kwenye Mwezi hazikuonekana. Badala yake upande wa kundinyota la Nge palionekana chimbuko lenye nguvu za ajabu, lililopewa jina Sco X-1, na nyuma yake anga zima lilikuwa na mng'ao hafifu wa eksirei uliotoka kila upande.

Mng'ao huo uliingia mara moja katika mabishano makubwa ya wakati ule. Tangu mwaka 1948 Hermann Bondi, Thomas Gold na Fred Hoyle walikuwa wakitetea nadharia ya ulimwengu usiobadilika: galaksi zinatengana, lakini maada mpya huzaliwa polepole kujaza nafasi, hivyo ulimwengu hauna mwanzo. Baadaye Gold na Hoyle waliongeza kwamba maada hiyo mpya huzaliwa kama nyutroni, ambazo huoza na kuijaza nafasi gesi yenye joto kubwa sana. Mwaka 1963 Robert Gould na Geoffrey Burbidge walikokotoa kiasi cha eksirei ambacho gesi hiyo ingepaswa kutoa, wakakuta ni kikubwa mno kuliko kile roketi ilichokiona. Toleo hilo la nadharia likaishia hapo. Miaka miwili baadaye Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza mng'ao mwingine, wa mawimbi ya redio mafupi, ambao ni mabaki ya joto la Mlipuko Mkuu, na nadharia nzima ikapoteza wafuasi wengi. Hatua ya kwanza kabisa ya elimu ya eksirei za angani ilikuwa tayari imetoa ushahidi kuhusu asili ya ulimwengu, ingawa ingechukua karibu miaka 40 kujua mng'ao ule wa mwaka 1962 unatoka wapi: sehemu yake kubwa hutoka kwenye mamilioni ya galaksi za mbali zenye mashimo meusi makubwa katikati yake.

Roketi ilikuwa na udhaifu mmoja usioepukika. Kila mruko uliwapa watafiti dakika chache, kisha kifaa kikaanguka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 vyanzo vilivyojulikana vilikuwa makumi tu, na kulikuwa na dalili kwamba baadhi yake hubadilika-badilika, lakini nani angeweza kufuatilia mabadiliko ya kitu anachokiona kwa sekunde kadhaa mara moja kwa mwaka? Giacconi na mwenzake Herbert Gursky walikuwa wameshapendekeza tangu mwaka 1963 kwamba itengenezwe setilaiti ya kupima anga zima. Shirika la NASA lilikubali, na mradi ukawekwa chini ya kituo chake cha Goddard. Msimamizi wake alikuwa Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kusimamia chombo cha angani cha Marekani.

Hapo ndipo lilipoibuka swali la mahali pa kurushia. Vifaa vya kuhesabu eksirei vya wakati ule vilikuwa masanduku yaliyojaa gesi. Kila eksirei iliyoingia ilizalisha mshtuko mdogo wa umeme uliohesabiwa. Tatizo ni kwamba chembe zenye chaji, zinazoshikiliwa na usumaku wa Dunia katika mikanda inayoizunguka, huzalisha mishtuko inayofanana na hiyo. Juu ya Atlantiki ya Kusini, upande wa Brazil, mkanda wa ndani hushuka chini sana, na setilaiti nyingi za mizingo ya kawaida hulazimika kulipita eneo hilo mara kadhaa kwa siku, vifaa vikiwa vimezimwa au vikitoa hesabu zisizoaminika. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hulikwepa karibu lote. Kwa mtafiti anayetafuta alama hafifu, faida hiyo ni kubwa sana.

Mzingo wa ikweta, hata hivyo, haufikiki kwa urahisi kutoka kila mahali. Roketi inayorushwa kutoka Wallops, Virginia, huanza safari katika mzingo ulioinama takribani nyuzi 38, na kuulaza mzingo huo hadi uwe sambamba na ikweta kunahitaji nishati nyingi kuliko iliyokuwa nayo roketi ndogo ya Scout, yenye hatua nne za fueli kavu. Anayerusha kutoka ikweta yenyewe, kuelekea mashariki, husaidiwa na mzunguko wa Dunia, ambao mahali hapo una kasi ya takribani kilomita 1,670 kwa saa. Na ikiwa mashariki kuna bahari, vipande vya roketi vinavyojitenga njiani huanguka majini, mbali na makazi ya watu. Ufuo wa kaskazini mwa Kenya ulitimiza masharti hayo yote.

Mahali hapo Wamarekani walipakuta pametengenezwa tayari, na aliyepatengeneza ni Luigi Broglio, mhandisi na afisa wa jeshi la anga la Italia, profesa katika Chuo Kikuu cha Roma. Broglio alitaka Italia iwe na mpango wake wa anga, naye hakuwa na fedha za kujenga roketi kubwa. Mwaka 1962 Italia na NASA walikubaliana: Marekani itoe roketi za Scout na mafunzo, Waitaliano watengeneze setilaiti na wazirushe wenyewe. Baada ya mafunzo hayo, kikosi cha Waitaliano kilirusha San Marco 1 kutoka Wallops tarehe 15 Desemba 1964. Lakini Broglio alikuwa akilenga ikweta tangu mwanzo, kwa sababu kifaa chake kilikusudiwa kupima wingi wa hewa katika tabaka za juu hapo hapo, na njia aliyoipata ya kuwa na uwanja wa kurushia bila kumiliki ardhi ya ikweta ilikuwa kuuweka baharini.

Jukwaa la kwanza, Santa Rita, lilikuwa mtambo wa zamani wa kuchimbia mafuta baharini. Lilivutwa hadi Kenya, na kuanzia Machi 1964, miezi michache tu baada ya nchi kupata uhuru, roketi ndogo za utafiti zikaanza kurushwa kutoka juu yake. La pili, San Marco, ndilo lililokuja kubeba mnara wa Scout. Santa Rita likageuzwa kuwa chumba cha udhibiti, mbali kiasi cha kuwa salama, na nyaya zilizopita chini ya maji ziliunganisha mawili hayo. Nchi kavu, Ngomeni, pakajengwa kambi yenye mitambo ya mawasiliano. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 iliondoka hapo na kuingia katika mzingo wa ikweta. Ulikuwa mruko wa kwanza wa aina hiyo duniani kutoka jukwaa la baharini, na uliwahakikishia NASA kwamba kikosi cha Broglio kinaweza kukabidhiwa chombo cha watu wengine.

Chombo hicho kilifika mwaka 1970. Kilikuwa na uzito wa kama kilo 140, na katika orodha za NASA kiliitwa SAS-1. Kazi ya kuhesabu kuelekea mruko ilicheleweshwa na matatizo ya kiufundi, na roketi iliondoka mchana wa tarehe 12 Desemba 1970, muda mfupi kabla ya saa nane. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, na Townsend, kwa kuwaenzi wenyeji wake, aliipa setilaiti jina la Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya elimu ya eksirei za angani peke yake.

Uhuru ilizunguka Dunia kwa kimo cha zaidi ya kilomita 500, ikimaliza mzunguko mmoja kwa dakika 96 hivi. Ilikuwa na jozi ya vifaa vya kuhesabia, kimoja kikitazama upande huu na kingine upande wa pili, nayo yenyewe ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, hivyo kila chanzo kilipita mbele ya vifaa mara nyingi kwa siku. Watafiti waliweza kuuelekeza upya mhimili wake kwa amri kutoka ardhini na kuiacha ipekue ukanda uleule wa anga kwa siku kadhaa. Katika muda mfupi tu ilikusanya vipimo vingi kuliko roketi zote za miaka minane iliyotangulia. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha ya nne na ya mwisho ya vyanzo vyake, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339. Mpaka leo nyota nyingi huandikwa katika makala za kitaalamu kwa namba zinazoanza na 4U, na U hiyo ni ya Uhuru.

Mapema mwaka 1971 kikundi cha Giacconi kiliona kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 hupwita kila baada ya sekunde 4.84. Miezi michache baadaye kikaonekana kinazimika na kuwaka tena kwa utaratibu wa siku 2.087, na mapwito yake yalikuwa yakiwahi na kuchelewa kidogo kwa mpangilio huo huo. Palikuwa na maelezo ya aina moja tu: kitu kidogo kinazunguka nyota kubwa, kinajificha nyuma yake kila baada ya siku mbili, na mapwito huwahi kinapotujia na huchelewa kinapotukimbia. Hercules X-1 ilionyesha tabia hiyo hiyo, ikipwita kila sekunde 1.24 na kuzunguka kwa siku 1.7. Kwa kuwa kitu kinachojizungusha kwa kasi namna hiyo bila kusambaratika lazima kiwe kidogo na kizito mno, ikawa wazi kwamba ni nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota iliyoporomoka, yenye uzito kuzidi wa Jua ndani ya upana wa kama kilomita 20.

Muhimu kuliko utambulisho huo lilikuwa suala la nishati. Nyota za kawaida huishi kwa muungano wa nyuklia, ambao hugeuza kiasi cha asilimia 0.7 ya uzito wa haidrojeni kuwa nishati. Gesi inayonyonywa kutoka nyota kubwa na kuanguka juu ya nyota ya nyutroni hutoa takribani asilimia 10, kwa nguvu ya mvutano peke yake. Gesi hiyo haiangukii moja kwa moja. Huzunguka kwanza katika sahani, ikisuguana na kupata joto la mamilioni ya nyuzi, na joto hilo ndilo linalong'aa kwa eksirei. Yakov Zeldovich huko Moscow na Edwin Salpeter huko Marekani walikuwa wamefikiria mwaka 1964 kwamba kuanguka kwa gesi kungeweza kuwa chimbuko kubwa la nishati ulimwenguni. Uhuru ndiyo iliyoleta ushahidi. Tangu hapo, mvutano, nguvu iliyo dhaifu kuliko zote, unahesabiwa kuwa ndio unaowasha vitu vinavyong'aa kuliko vyote.

Kisha kuna Cygnus X-1. Kilijulikana tangu miaka ya 1960 kwa roketi, lakini Uhuru iliona kwamba mng'ao wake hubadilika ghafla ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, bila mpangilio wa mapwito. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa haraka kuliko nuru inavyokivuka, na nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde; kwa hiyo sehemu inayong'aa ilikuwa ndogo kuliko Jua kwa mbali sana. Mwaka 1971 darubini za redio za Uholanzi na Marekani ziliona alama ya redio mahali hapo, na alama hiyo iliwafikisha wanaastronomia kwenye nyota kubwa ya buluu iitwayo HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, kila upande kivyake, walipima mwendo wa nyota hiyo. Inayumba kila baada ya siku 5.6, ikivutwa na mwenzi asiyeonekana. Uzito wa mwenzi huyo ulikuwa umezidi kiwango ambacho nyota ya nyutroni inaweza kukistahimili bila kuporomoka.

Nadharia ya kitu kama hicho ilikuwa na umri mkubwa. John Michell aliwaza mwaka 1783 juu ya nyota nzito ambazo nuru yake haiwezi kutoroka. Karl Schwarzschild alipata jibu la hesabu za Einstein mwaka 1916. Robert Oppenheimer na Hartland Snyder walionyesha mwaka 1939 jinsi nyota inavyoweza kuporomoka bila kikomo. Wengi, Einstein akiwa mmoja wao, hawakuamini kwamba maumbile yanaruhusu jambo hilo. Cygnus X-1 iliwalazimisha watu kulichukulia kwa uzito, ingawa si wote waliokubali upesi. Mwaka 1974 Stephen Hawking aliwekeana dau na Kip Thorne kwamba hicho si shimo jeusi, akakubali kushindwa mwaka 1990. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinakipa uzito wa mara 21 wa Jua na umbali wa miaka ya nuru 7,200 hivi. Mwaka 2022 setilaiti ya IXPE, ambayo nayo huzunguka juu ya ikweta, ilipima mwelekeo wa mitikisiko ya eksirei zake na kuonyesha kwamba gesi yenye joto imetanda kwa upana kuvuka njia ya michirizi inayorushwa nje, kama ilivyotarajiwa kwa sahani inayolizunguka shimo.

Ugunduzi wa tatu wa Uhuru haukuvuma magazetini kama ule wa Cygnus X-1, lakini kwa swali la ulimwengu umeundwa na nini, una uzito mkubwa zaidi. Setilaiti ilikuta kwamba makundi makubwa ya galaksi, kama yale ya Virgo, Perseus na Coma, hutoa eksirei nyingi, na kwamba eksirei hizo hazitoki kwenye galaksi moja moja. Zimetandaa katika eneo lote la kundi, upana wa mamia ya maelfu ya miaka ya nuru na zaidi. Maelezo mawili yalishindana. Huenda zilikuwa elektroni zenye kasi kubwa zikigongana na nuru, au ilikuwa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Uhuru yenyewe haikuweza kuamua.

Setilaiti iliyoamua ilirushwa kutoka jukwaa lile lile. Baada ya Uhuru, Ngomeni palikuwa na shughuli mfululizo: SAS-2 iliondoka Novemba 1972 na, katika muda wa miezi saba kabla ya hitilafu ya umeme kuizima, ilichora mionzi ya gama ya galaksi yetu na kuona mng'ao wa gama unaotoka nje yake. SAS-3, ya Mei 1975, ilifuatilia nyota za nyutroni zinazolipuka ghafla kwa sekunde chache, milipuko inayotokana na gesi iliyorundikana juu yake kuwaka kinyuklia. Katikati ya hizo ilikuja Ariel 5 ya Uingereza, tarehe 15 Oktoba 1974. Agosti 1975 iliona chanzo kipya, A0620-00, kikiwaka kupita Sco X-1 na kuwa king'aavu kuliko vyote mbinguni kwa eksirei. Kilipofifia, nyota mwenzi ikaweza kupimwa, na mwaka 1986 Jeffrey McClintock na Ronald Remillard walionyesha kwamba kinachoivuta kina uzito wa zaidi ya mara tatu ya Jua, ushahidi ambao wengi waliuona kuwa imara kuliko hata ule wa Cygnus X-1.

Ariel 5 pia ilielekezwa kwenye kundi la Perseus, na mwaka 1976 wanasayansi wake walitangaza kwamba ndani ya eksirei za kundi hilo kuna mstari wa chuma: nishati mahususi ambayo hutolewa na atomu za chuma zilizopoteza karibu elektroni zake zote. Elektroni zenye kasi zisingetoa mstari huo. Ilikuwa gesi, na ilikuwa na joto kali. Tena chuma hakikuwepo mwanzo wa ulimwengu. Hupikwa ndani ya nyota na kutawanywa zinapolipuka. Gesi iliyojaa kati ya galaksi, mbali na nyota yoyote, ilikuwa imewahi kupita ndani ya nyota, angalau kwa sehemu, kisha ikarushwa nje ya galaksi zilizoizaa.

Hesabu zilizofuata zilionyesha kwamba katika makundi makubwa gesi hiyo ina uzito mara kadhaa kuliko nyota zote za galaksi zake. Bado haikutosha. Gesi yenye joto la namna hiyo ingetawanyika zamani kama isingeshikiliwa na mvutano mkubwa, na mvutano wa nyota na gesi kwa pamoja ni mdogo mno kuishikilia. Fritz Zwicky alikuwa amedai mwaka 1933, kwa kupima kasi za galaksi za Coma, kwamba kundi hilo lina maada nyingi isiyoonekana, na kwa miaka 40 wachache tu walimsikiliza. Gesi ya eksirei ilikuwa shahidi wa pili, asiyetegemea kasi za galaksi, naye alisema jambo lile lile. Mwaka 1993 Simon White na wenzake watatu walitumia kundi la Coma kupiga hatua zaidi: walilinganisha gesi na nyota kwa upande mmoja na uzito wote wa kundi kwa upande mwingine, wakaona kwamba maada ya kawaida ni nyingi mno kuweza kulingana na ulimwengu wenye maada ya kutosha kuusimamisha utanukaji wake. Ulimwengu, kwa hesabu yao, ulielekea kuwa na maada kidogo kuliko nadharia iliyopendwa wakati ule ilivyotaka. Miaka mitano baadaye vipimo vya nyota zinazolipuka vilionyesha kwamba utanukaji unaongezeka kasi, na makadirio ya leo, kwamba maada yote ni karibu asilimia 30 ya ulimwengu na maada ya kawaida ni takribani asilimia 5 tu, yanakubaliana na ile hoja ya Coma.

Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002 kwa kazi iliyoanzia kwenye roketi ya 1962 na kupitia Uhuru. Broglio alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kituo cha Ngomeni kikapewa jina lake. Miruko ilikuwa imekoma zamani. Setilaiti ya mwisho, San Marco ya tano, iliondoka tarehe 25 Machi 1988. Roketi ya Scout ilikuwa ikielekea kustaafishwa, na jukwaa halikupewa roketi nyingine ya kuchukua nafasi yake.

Kambi ya nchi kavu haikufungwa, kwa sababu ile ile iliyowaleta Waitaliano tangu mwanzo. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hupita juu ya Malindi katika kila mzunguko, na antena iliyo hapo huweza kupokea vipimo vyake mara kama 15 kwa siku. BeppoSAX, setilaiti ya Waitaliano na Waholanzi iliyorushwa kutoka Florida mwaka 1996, ilitumia Malindi kama kituo chake cha kupokelea. Tarehe 28 Februari 1997 iliona mwako wa mionzi ya gama, mmoja wa ile miako ya ghafla iliyokuwa imewatatiza wataalamu tangu ilipotangazwa mwaka 1973, na katika saa chache watafiti wa Roma, wakitumia vipimo vilivyopitia Kenya, waliielekeza setilaiti mahali hapo na kukuta eksirei zikififia. Sasa kulikuwa na anwani ya kupelekea darubini za kawaida. Mwako mwingine wa Mei mwaka huo, uliofuatiliwa kwa njia hiyo hiyo, ulipimwa na darubini ya Keck huko Hawaii, na nuru yake ikaonekana imesafiri kwa karibu miaka bilioni 7. Mabishano ya miaka mingi, kama miako hiyo iko karibu na galaksi yetu au mbali mno, yakaisha ndani ya miezi michache.

Setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004, nayo ilipewa Malindi kuwa kituo chake kikuu. Mwaka 2009 iliona mwako uliotokea ulimwengu ukiwa na umri wa takribani miaka milioni 630 tu. NuSTAR ya mwaka 2012 na IXPE ya mwaka 2021 zimefuata njia hiyo. Kwa muda mrefu manufaa ya kituo kwa Kenya yenyewe yalikuwa madogo kuliko hadhi yake katika sayansi, na suala hilo lilizungumzwa kila mkataba ulipokaribia kumalizika. Mkataba mpya uliotiwa saini na serikali za Kenya na Italia huko Trento mwezi Oktoba 2016 uliingiza mambo ambayo hayakuwa na uzito huo awali: mafunzo kwa Wakenya, haki ya kupata vipimo vya setilaiti, na msaada kwa wakala wa taifa wa anga, ambao Kenya iliuanzisha rasmi mwaka 2017.